Historia ya usanifu huandikwa na waliotunza makaratasi: tujadili namna ya kuisoma na kuihifadhi

Mwanzisha mada

Wanajukwaa, salaam.

Mada yangu ni historia ya usanifu wa vitu: viti, herufi, mabango, vyombo, mashine, vitambaa na, kwa miaka 40 hivi iliyopita, vitu visivyo na umbo jingine zaidi ya lile linaloonekana kwenye kioo cha kompyuta. Wengi hudhani kwamba kuisoma historia hii ni kazi ya wanazuoni na kuihifadhi ni kazi ya makumbusho, kana kwamba hawa huanza pale wale wanapomaliza. Mimi naona ni kazi moja, kwa sababu kilichotunzwa ndicho kinachoamua nani atatajwa kuwa msanifu, kitu gani kitahesabiwa kuwa bora, na maswali gani hayataweza kujibiwa tena. Anayesoma usanifu bila kuuliza ni nani aliyetunza makaratasi haya na kwa nini yale mengine yalitupwa, ataishia kurudia simulizi aliyoikuta.

Simulizi hiyo ilijengwa hatua kwa hatua. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London yalianza mwaka 1852, mwaka mmoja baada ya Maonesho Makuu ya 1851, chini ya Henry Cole, na lengo lake la mwanzo lilikuwa kuwafundisha wenye viwanda na wanunuzi kutambua kitu kilichosanifiwa vizuri. Mwaka 1934 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, yaliweka springi, beringi na propela juu ya viweko kama sanamu. Miaka miwili baadaye mwanahistoria Nikolaus Pevsner akachapisha kitabu kilichochora mstari mmoja kutoka kwa William Morris, msanifu Mwingereza wa karne ya 19, hadi kwa Walter Gropius, mwanzilishi wa shule ya Bauhaus ya Ujerumani. Naziheshimu kazi hizo, na bila hizo huenda tusingekuwa hata na fani ya kuijadili. Hata hivyo zote zilichagua kwa jicho la uzuri, zikajali zaidi kitu kilichokwisha kukamilika, na mara nyingi zikakipa jina la mtu mmoja. Mchoro uliokataliwa, fundi aliyegeuza wazo kuwa kalibu, mfanyakazi wa kiwandani na yule aliyekitumia kitu nyumbani kwake hawakupewa nafasi.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Bauhaus, shule iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919, ikahamia Dessau mwaka 1925 na Berlin mwaka 1932, kisha ikafungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi. Picha mashuhuri za jengo la Dessau, na za taa na mabirika yaliyotoka kwenye karakana zake, nyingi ni kazi ya Lucia Moholy, aliyezipiga katika miaka ya 1920. Alipolazimika kuikimbia Ujerumani mwaka 1933 aliacha negativu za kioo (vioo ambavyo picha huchapwa kutokana navyo) zaidi ya 500, ambazo baadaye zilifika mikononi mwa Gropius na kuvuka naye hadi Marekani. Picha hizo zilitumika katika maonesho na machapisho yaliyoieneza sifa ya Bauhaus duniani, mara nyingi bila jina la mpigapicha, wakati mwenyewe yuko uhamishoni akiamini kwamba zimeangamia vitani. Alipojua zilipo ilimbidi amtumie wakili, na mwaka 1957 alirudishiwa chini ya nusu yake. Tafakarini jambo hili: vioo vile dhaifu vilivuka bahari na vita, ila kumbukumbu ya nani aliyevitengeneza ndiyo iliyoachwa ipotee. Tunaposema kitu kimehifadhiwa ni lazima tuulize pia kama uhusiano wake na watu waliokifanya umehifadhiwa pamoja nacho.

Kisa cha Lilly Reich kinakwenda upande wa pili. Alisanifu samani na maonesho pamoja na msanifu majengo Ludwig Mies van der Rohe kwa miaka mingi, na Mies alipohamia Marekani mwaka 1938 yeye alibaki Berlin. Ndiye aliyepanga maelfu ya michoro ya Mies, pamoja na ya kwake, ipelekwe nje ya jiji kabla mabomu hayajaiangamiza. Karakana yake mwenyewe ilipigwa bomu mwaka 1943. Alifariki mwaka 1947 bila kushuhudia michoro hiyo ikitoka Ujerumani Mashariki katika miaka ya 1960. Leo mtafiti yeyote wa Mies anaegemea kazi ya mwanamke ambaye kwa miongo kadhaa alitajwa kama msaidizi tu. Naamini kitendo chake cha kuiokoa ile michoro ni sehemu ya historia ya usanifu, sawa na viti alivyovisanifu.

Kuna sababu nyingine ya usahaulifu ambayo huzungumzwa kidogo, nayo ni tabia ya maada zenyewe. Wanawake wengi waliojiunga na Bauhaus walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji, ambayo Gunta Stölzl aliiongoza hadi mwaka 1931. Chuma na kioo huweza kukaa ukumbini miaka mingi, ilhali nguo hufifia kwa mwanga, na ndiyo maana makumbusho huionesha chini ya taa hafifu, kwa kawaida karibu lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kisha huirudisha ghalani ipumzike. Kwa hiyo mgeni hukutana na kiti cha bomba la chuma kila anapokwenda, na kitambaa hukiona mara chache. Ubaguzi wa zamani umeungana na udhaifu wa uzi, na matokeo yake yanaonekana kana kwamba ni hukumu ya ubora.

Tazameni pia jiko la Frankfurt. Margarete Schütte-Lihotzky alilisanifu mwaka 1926 kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu, akichunguza mwendo wa mpishi hatua kwa hatua na kujifunza kutoka majiko ya mabehewa ya treni, na majiko kama 10,000 yakajengwa. Mengi yalibomolewa baadaye, na machache yaliyong'olewa mazima sasa yako makumbusho. Ukiliona hapo utaelewa droo zake na mpangilio wake, lakini hutasikia malalamiko ya wakazi kwamba lilikuwa dogo mno kwa watu wawili na kwamba lilimtenga mama na watoto wake. Malalamiko hayo ni ushahidi wenye uzito uleule wa droo, na mahali pake ni katika barua, mahojiano na kumbukumbu za waliolitumia.

Vitu visivyo na jina la msanifu nitavigusa kwa ufupi. Mwanafalsafa wa Japani Yanagi Soetsu alifungua makumbusho ya Tokyo mwaka 1936 kwa ajili ya vyombo vya mafundi wasiojulikana, na wasanifu wa Marekani Charles na Ray Eames, katika ripoti yao ya 1958 kwa serikali ya India, walikisifu chombo cha maji kiitwacho lota, ambacho kimesanifiwa na vizazi vingi bila kuwa na mwenyewe. Vitu vya namna hii hutufundisha kusoma alama za matumizi, kwa kuwa hakuna mkataba wala sahihi ya kutuongoza.

Ningependa kusikia maoni yenu, hasa kutoka kwa wanaosanifu, wanaotengeneza na wanaotunza.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, heshima kwako. Nakubaliana nawe kuhusu majina yaliyosahauliwa, lakini nina shaka kuhusu vitu vya kiwandani. Mchongo wa msanii uko mmoja tu duniani, kwa hiyo kuupoteza ni msiba. Kiti kilichotengenezwa kwa mamilioni ni jambo tofauti, kwa sababu hata kikiharibika kimoja kipo kingine, na hata vyote vikiisha tunaweza kutengeneza upya tukiwa na vipimo na picha nzuri. Je, si busara kutumia fedha za uhifadhi kwa michoro na picha, tukaviacha vitu vyenyewe viishe kama ilivyokusudiwa?

Mwanzisha mada

Mkuu, swali lako ni la msingi, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa kirefu.

Kwanza, wingi haulindi kitu. Kiti namba 14 cha kampuni ya Thonet cha mwaka 1859 kilitengenezwa kwa makumi ya mamilioni, na sehemu ya werevu wake ilikuwa katika usafirishaji: viti 36 vilivyofunguliwa vipande viliingia katika sanduku la meta moja ya ujazo. Viti vyenyewe vimesalia vingi. Sanduku, karatasi za maelekezo na kalibu za kukunjia mbao kwa mvuke ndivyo vitu ambavyo mtu hakuona sababu ya kuviweka, ilhali ndivyo vinavyoeleza namna kiti kile kilivyoweza kuuzwa duniani kote. Kitu kilichojaa kila mahali hutupwa bila kufikiri, mpaka siku kinapotafutwa.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, vitu vya karne ya 20 vimejengwa kwa maada ambazo hazikupata kujaribiwa na muda. Watunzaji wa makumbusho wanazifahamu plastiki nne zenye shida kubwa: selulosi naitreti, selulosi asetati, PVC iliyolainishwa na povu la poliyurithani. Asetati ikianza kuoza hutoa asidi ya siki, utaisikia kwa pua kabla hujaiona kwa macho, na mvuke wake huharakisha uozo wa asetati iliyo jirani. Naitreti hutoa gesi zinazokula metali. PVC laini hutokwa na kilainishi chake, uso ukanata na kushika vumbi. Povu huwa gumu, kisha hubomoka likawa unga. Hakuna dawa ya kuyarudisha nyuma mabadiliko haya. Kinachowezekana ni kuyapunguzia kasi kwa baridi, giza na hewa inayopita, na kuzitenga zile zinazodhuriana. Kiti cha kujazwa hewa kilichotolewa na kampuni ya Zanotta ya Italia mwaka 1967 ni ngozi nyembamba ya PVC tu, kwa hiyo maada yake ikifa hakuna mifupa inayobaki.

Tatu, kutengeneza upya hakurudishi kitu kilekile. Kiti cha msanifu wa Denmark Verner Panton, kile cha plastiki kinachopinda kama herufi S, kilianza kutolewa mwaka 1967 kwa poliesta yenye nyuzi za kioo, kikahamia kwenye povu gumu la poliyurithani, kisha kwenye plastiki ya kuyeyushwa ambayo baada ya miaka ilionekana kupasuka, na tangu mwaka 1999 kinatengenezwa kwa polipropilini. Ukiwa na picha na vipimo utasema ni kiti kimoja. Ukivishika vyote utagundua uzito tofauti, ukingo tofauti na uso tofauti, na utaelewa kwamba msanifu na kiwanda walikuwa wakifukuzia kwa miaka 30 umbo ambalo maada za siku zao hazikulimudu. Picha haiwezi kuchukuliwa sampuli ya maabara, na vipimo havielezi kwa nini ukingo uliongezwa unene.

Hata hivyo kuna jambo moja katika hoja yako ninalolikubali kabisa. Hakuna ghala litakalobeba kila kitu, na kuchagua ni lazima. Ninachoomba ni kwamba sababu za kuchagua ziandikwe siku hiyohiyo, pamoja na orodha ya vilivyokataliwa, ili mtafiti wa kesho ajue ukimya umetokana na nini.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, mimi ninasanifu machapisho na tovuti, na mjadala huu umenifanya niyatazame majalada yangu kwa hofu. Faili za zamani hazifunguki, au zinafunguka zikiwa na herufi tofauti na nilizotumia. Tovuti kadhaa nilizoshiriki hazipo tena kabisa. Je, kazi za namna hii zina historia ya kuhifadhiwa, au tukubali kwamba zimezaliwa ili zipotee?

Mwanzisha mada

Zina historia, na ndizo zinazopotea kwa kasi kuliko zote. Karatasi huvumilia kupuuzwa kwa miaka 100 ikiwa kavu, lakini faili ya kidijitali huweza kufa ikiwa nzima kabisa, kwa kuwa kilichokufa ni programu ya kuisoma. Flash, iliyobeba sehemu kubwa ya tovuti zenye mwendo na michezo, ilikoma kuungwa mkono na kampuni yake mwishoni mwa mwaka 2020. Fonti za PostScript Type 1, zilizokuwa kiini cha uchapaji wa kompyuta tangu miaka ya 1980, ziliondolewa katika programu za Adobe mwaka 2023. Kazi iliyosanifiwa kwa uangalifu mkubwa mwaka 1995 leo inaweza kufunguka ikiwa imevaa fonti isiyo yake, na kijana anayeiona akadhani ndivyo ilivyokuwa.

Makumbusho yamejaribu njia kadhaa. MoMA iliingiza alama ya @ katika mkusanyo wake mwaka 2010, michezo ya video mwaka 2012, na mwaka 2016 ikapokea emoji 176 za kampuni ya simu ya Japani, NTT DoCoMo, zilizosanifiwa na Shigetaka Kurita mwaka 1999. Mfano ninaouthamini zaidi ni wa makumbusho ya usanifu ya Cooper Hewitt ya New York, ambayo mwaka 2013 iliipokea programu ya Planetary, iliyoonesha muziki wa mtumiaji kama nyota na sayari. Watunzaji hawakuridhika na kuihifadhi kompyuta kibao yenye programu ndani yake. Walichukua msimbo wake (maandishi yanayoiendesha programu) pamoja na historia ya mabadiliko yake, wakauweka wazi mtandaoni ili watu wausome na kuuendeleza, na wakauchapa kwenye karatasi ya kudumu. Walitambua kwamba usanifu ule ulikuwa katika maamuzi ya msimbo na katika mwenendo wa programu mkononi mwa mtu, na kwamba kioo kilikuwa chombo tu.

Kwa majalada yako, ndugu, anza kwa kuiacha faili ya asili kama ilivyo, hata kama haifunguki, kisha tengeneza nakala katika miundo iliyo wazi kama PDF/A kwa kurasa, TIFF kwa picha na SVG kwa michoro ya mistari. Andika kando yake jina la programu na toleo lake, majina ya fonti, aliyeagiza kazi, walioshiriki na mwaka. Kwa tovuti iliyo hai, irekodi kwa video mtu akiitumia, kwa kuwa picha tuli hazioneshi kasi, sauti wala kusita kwa mtumiaji. Na tafadhali zitunze rasimu zilizokataliwa. Susan Kare alichora alama za kompyuta ya Macintosh ya 1984 kwenye daftari la miraba, mraba mmoja kwa nukta moja ya kioo, na daftari hilo linatueleza kazi yake kwa undani ambao alama zilizokamilika peke yake zisingeweza kuufikia.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza jambo gumu kidogo. Vipi kama msanifu mwenyewe hataki kazi yake ihifadhiwe? T. J. Cobden-Sanderson, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda cha uchapaji cha Doves Press cha London, alizitupa herufi za kuchapia, za madini ya risasi, za kiwanda hicho katika mto Thames kutoka daraja la Hammersmith mwaka 1916 na mwanzoni mwa 1917, usiku baada ya usiku, ili zisimfikie mshirika wake wa zamani Emery Walker. Mwaka 2014 Robert Green, aliyekuwa ameichora upya fonti hiyo kwa kompyuta kutokana na kurasa zilizochapwa, aliwatumia wapiga mbizi wakaopoa herufi 150. Je, alitenda haki?

Mwanzisha mada

Kwa maoni yangu, ndiyo, na sababu ni kwamba herufi zile hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Umbo lake lilitokana na mifano ya wachapaji wa Venice wa karne ya 15, Walker alishiriki kulitafuta, mchongaji alikata mihuri ya chuma, na wapangaji wa herufi walizipa uhai kwenye kurasa. Cobden-Sanderson alikuwa na huzuni na hasira zake, lakini aliamua kwa niaba ya watu wengi ambao hawakuulizwa.

Linganisha na kiwanda cha uchapaji cha Plantin cha Antwerp, Ubelgiji, ambacho familia ya Moretus ilikitunza kwa vizazi, ikakiuzia jiji mwaka 1876, na mwaka uliofuata kikafunguliwa kuwa makumbusho. Mashine mbili za kuchapia zilizo kongwe kuliko zote duniani ziko humo, pamoja na mihuri na kalibu za herufi za karne ya 16, na kando yake vitabu vya hesabu vinavyotaja nani alilipwa kwa kazi gani. Kwa sababu vyote viko pamoja, mtafiti anaweza kutoka kwenye umbo la herufi hadi kwenye ujira wa aliyeipanga. Mkusanyo wa Wedgwood nao una maelfu ya vipande vya majaribio vya Josiah Wedgwood, mfinyanzi Mwingereza wa karne ya 18, vyenye namba za kuonesha mchanganyiko wa udongo uliotumika. Mkusanyo huo nusura uuzwe vipande vipande ili kulipia deni la pensheni baada ya kampuni kuanguka, ukaokolewa mwaka 2014 kwa mchango wa pauni milioni 15.75. Kama ungetawanywa, kila kipande kingepata mnunuzi, na mfuatano wa majaribio, ambao ndio akili yenyewe ya mfinyanzi, ungetoweka.

Mchangiaji wa nne

Mimi nimeachiwa makasha ya michoro na mzee wangu aliyesanifu mashine kiwandani. Niyafanyie nini kabla sijapata taasisi ya kuyapokea?

Mwanzisha mada

Pole kwa kuondokewa, na asante kwa kutoyatupa. Usiyapange upya kwa tarehe wala kwa uzuri, kwa sababu mpangilio aliouacha mzee ni ushahidi wa namna alivyofikiri. Piga picha kila kasha kabla hujagusa karatasi. Usitumie gundi ya utepe wala kuyafunika kwa plastiki ya moto. Ondoa klipu zenye kutu, weka michoro katika majalada yasiyo na asidi, ikae bapa mahali pakavu pasipo na mwanga, na ukiandika chochote tumia penseli. Ukiona filamu au karatasi zenye harufu ya siki, zitenge. Kisha watafute waliofanya naye kazi wangali hai, uwawekee mchoro mmoja mezani na kinasa sauti kando yake, uwaombe wakueleze ni sehemu gani ya mashine iliwasumbua kuitengeneza na nani aliipatia ufumbuzi. Andika majina hayo nyuma ya nakala ya mchoro, pamoja na tarehe ya mahojiano na jina lako wewe uliyeuliza.